Paxton, Illinois: reli ilitangulia, mji ukafuata

Swali limetoka kwa msomaji aliyetoka Kenya, anayeishi Champaign katika jimbo la Illinois, Marekani, dereva wa lori la nafaka: "Kila wiki napita barabara ya 45 kwenda kaskazini. Thomasboro, Rantoul, Ludlow, Paxton, Loda, Buckley, Onarga, Gilman, miji yote imefanana kama watoto wa mama mmoja. Reli katikati, ghala refu la mahindi kando yake, mnara wa maji, kanisa, na mtaa mmoja wa maduka ambayo nusu yamefungwa. Paxton peke yake reli imezama ardhini na sisi wenye magari tunapita juu kwa madaraja. Nani alianza hapa, mji au reli? Na kwa nini treni ya abiria inapita Paxton bila kusimama?"

Ndugu yangu, reli ndiyo iliyoanza. Na haikutangulia tu: miji uliyoitaja ilizaliwa na biashara ya reli, na kadhaa kati yake inabeba majina ya watu wa reli. Kampuni ya reli ya Illinois Central ilikuwa inauza ardhi kabla hata haijapata mzigo wa kubeba, na hakuna mtu anayenunua shamba porini ikiwa hana pa kupeleka mahindi yake, pa kununua chumvi wala pa kupokelea barua. Kwa hiyo mji ulikuwa sehemu ya bidhaa iliyouzwa. Ukilishika hilo, karibu kila unachokiona ukiwa kwenye usukani kitakuelea.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wakickapoo na Wapotawatomi, na iliondoka mikononi mwao kwa mikataba ya miaka ya 1819 na 1832 ambayo waliitia saini wakiwa hawana pa kukwepea. Septemba 1838, Wapotawatomi zaidi ya 800 walikusanywa Indiana kwa mtutu wa bunduki wakaswagwa kwa miguu hadi Kansas. Njia yao ilipita Danville na Sidney, yaani kusini kidogo mwa Champaign yako, na zaidi ya 40 walifia njiani, wengi wao watoto. Ukifika Chebanse, mji mdogo kabla ya Kankakee, ujue lile ni jina la kiongozi wa Wapotawatomi. Stesheni ilipewa jina lake baada ya watu wake kuondolewa.

Walowezi waliokuja baada yao hawakuitaka mbuga hii. Walikaa kingo za mito, penye miti ya kujengea, kupikia na kuzungushia ua. Mbuga ya mashariki ya Illinois ilikuwa nyasi zilizompita mtu kimo, mizizi iliyosukana hadi jembe la chuma cha kusubu likanasa, na kinamasi kisichokauka ila mwishoni mwa kiangazi. Mbu walikuwa wa kutosha, na malaria pia. Wewe uliyekulia Afrika Mashariki utashangaa, lakini katika karne ya 19 homa ya baridi na kutetemeka ilikuwa ugonjwa wa kawaida kabisa wa mkulima wa Illinois, na kwinini ilikuwa dawa ya nyumbani. Tatizo la jembe lilianza kutatuliwa mwaka 1837, pale mhunzi John Deere wa Grand Detour, magharibi zaidi katika jimbo hilohilo, alipotengeneza plau ya chuma cha pua kilicholainishwa, ambayo udongo mweusi haukuganda juu yake. Bado palikuwa na tatizo la umbali. Ukilima mahindi mahali ambapo safari ya mkokoteni hadi mtoni ni ya siku kadhaa, gharama ya kuyafikisha sokoni inameza bei yake. Serikali iliuza ardhi hiyo kwa dola 1.25 kwa eka na kwa miaka mingi sehemu kubwa ikakosa mnunuzi.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Seneta Stephen A. Douglas wa Illinois alipitisha bungeni sheria ambayo Rais Millard Fillmore aliitia saini tarehe 20 Septemba 1850. Serikali kuu ililigawia jimbo la Illinois ardhi kwa ajili ya kujenga reli, na jimbo likaikabidhi kampuni mpya iliyoandikishwa Februari 1851. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: nchi ilikuwa imeshapimwa katika miraba ya maili moja kwa maili moja, eka 640 kila mraba, na kila mraba una namba. Kampuni ilipewa miraba yenye namba shufwa kwa umbali wa maili 6 kila upande wa reli, na pale ambapo mraba ulikuwa umeshauzwa, ilipewa mwingine mbali zaidi. Serikali ilibaki na miraba ya namba witiri, ikapandisha bei yake hadi dola 2.50 kwa hoja kwamba ardhi iliyo karibu na reli ina thamani maradufu. Kwa hesabu hiyo serikali haikupoteza senti. Kampuni nayo ilijikuta na eka kama 2,595,000.

Tazama ukubwa wa jambo hilo. Kampuni ambayo haikuwa na hata kichwa kimoja cha treni ilikuwa mmiliki mkubwa wa ardhi kuliko mtu yeyote katika jimbo. Ikachukua eka milioni 2 ikaziweka dhamana, ikatoa hati fungani za dola milioni 17, na wenye fedha wa London na Amsterdam wakazinunua. Wewe umetoka Kenya, kwa hiyo utaona tofauti na Reli ya Uganda ya 1896 hadi 1901, ambayo ilijengwa na serikali ya Uingereza kwa fedha za walipa kodi wake. Illinois reli ilijengwa kwa ahadi ya mashamba ambayo bado hayajalimwa.

Wachimbaji wengi walikuwa Waairishi na Wajerumani, waliochukuliwa moja kwa moja bandarini New York. Tangazo la kampuni liliahidi dola 1.25 kwa siku, na nauli kutoka New York ya dola 4.75. Lile ambalo tangazo halikusema ni kipindupindu, kilichozipitia kambi za wajenzi miaka ile na kuua watu waliozikwa kando ya tuta la reli bila hata kuandikwa majina. Njia ya kutoka Chicago ilifika Kankakee mwaka 1853 na ikafika hapo ulipo Julai 1854. Tarehe 27 Septemba 1856 mtandao wote wa maili 705, yaani kilomita 1,135 hivi, ulikamilika. Wakati huo hapakuwa na reli ya kampuni moja iliyokuwa ndefu kuliko hiyo duniani.

Nimesema "hapo ulipo" kwa makusudi, kwa sababu Champaign ni ushahidi mzuri. Mji wa siku zile ulikuwa Urbana, makao makuu ya kaunti tangu miaka ya 1830. Reli haikuingia Urbana. Ilipita umbali wa kilomita 3 hivi magharibi, ikajenga stesheni katikati ya nyasi. Wafanyabiashara wakahamia kwenye stesheni, makazi mapya yakaitwa West Urbana, na mwaka 1860 yakabadilisha jina yakawa Champaign. Leo Champaign ni kubwa kuliko Urbana. Mstari wa mhandisi uliamua.

Sasa kufanana kwa miji. Sheria iliizuia kampuni kujiundia miji kwa faida yake, lakini baadhi ya wakurugenzi waliunda ushirika wao wa pembeni, wakanunua ardhi palepale ambapo walijua stesheni itasimama, kisha wakapima viwanja. Ramani ya mitaa ilikuwa moja, ikarudiwa stesheni kwa stesheni: mitaa ya mwelekeo mmoja inapewa namba, inayoikata inapewa majina ya miti. Mwaloni, msonobari, mjozi, katika nchi isiyo na miti! Nafikiri wakurugenzi wale hawakukaa wakajiuliza ni mji wa namna gani watu wangependa kuishi. Walitaka kiwanja kinachouzika upesi kwa mtu aliye Boston ambaye hatakiona.

Umbali kati ya stesheni na stesheni nao una sababu. Mkulima mwenye mkokoteni wa farasi wawili, uliojaa mahindi, anaweza kwenda na kurudi siku moja kama safari ni ya kilomita chache tu. Akilazimika kulala njiani, faida inaliwa na malazi yake na malisho ya farasi. Vichwa vya treni vya mvuke navyo vilihitaji maji kila baada ya mwendo fulani. Ndiyo maana kutoka Rantoul unakutana na Ludlow, kabla hujabadilisha gia vizuri uko Paxton, na Loda iko kilomita kama 7 mbele yake. Kwa lori lako miji hiyo imebanana. Kwa farasi kwenye tope la Aprili haikuwa imebanana hata kidogo.

Majina ya stesheni ni orodha ya watu ambao kampuni iliwahitaji. Rantoul ni Robert Rantoul wa Massachusetts, mwanasheria aliyepigania hati ya kampuni. Kusini zaidi kuna Cobden, jina la Richard Cobden, mwanasiasa wa Uingereza aliyetia fedha zake nyingi katika hisa za Illinois Central hata akasafiri mwaka 1859 kuja kuiona mali yake. Na Paxton, uliokuwa ukiitwa Prospect City, mwaka 1859 ulichukua jina la Sir Joseph Paxton. Huyu alikuwa mtunza bustani wa Duke wa Devonshire aliyechora lile jumba la vioo na chuma la maonyesho ya London ya 1851, akapewa cheo cha heshima cha "Sir", akaingia bungeni, na akawa mwenye hisa katika reli hii. Ilitarajiwa kwamba angesaidia kuleta walowezi Waingereza kuzunguka mji huo. Hawakuja. Jina likabaki. Mwaka huohuo wa 1859 kaunti ya Ford iliundwa, ya mwisho kati ya kaunti 102 za Illinois, ikakatwa kutoka vipande ambavyo kaunti nyingine hazikuwa zimevichukua, na Paxton ikawa makao makuu yake. Itazame kwenye ramani uone umbo lake la ajabu, mkono mwembamba unaopanda kaskazini.

Na ule mkato ambamo reli imezama? Paxton imekaa juu ya tuta la kale. Barafu kuu iliyofunika Illinois ilipokuwa ikirudi nyuma, miaka kama 20,000 iliyopita, ilisimama mahali pamoja kwa muda mrefu ikamwaga udongo na changarawe ilizokuwa imezibeba. Rundo hilo ndilo mwinuko ambao mji umekaa juu yake, mita 240 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati Kankakee iko chini ya hapo kwa zaidi ya mita 30. Dereva wa gari dogo hahisi kitu. Dereva wa treni anahisi kila sentimita. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana, na ndiyo siri ya treni kubeba mzigo mkubwa kwa mafuta machache. Lakini faida hiyo inageuka adha kwenye mlima: ukipanda mita 1 katika kila mita 100, nguvu inayotakiwa kuvuta tani ileile inaongezeka mara kadhaa kuliko kwenye tambarare. Na urefu na uzito wa treni nzima hupangwa kwa kufuata mwinuko mbaya kuliko wote njiani. Mwinuko mmoja wa Paxton ungepunguza mabehewa ya treni yote ya kutoka Chicago kwenda kusini. Kwa hiyo walilikata tuta, wakaishusha reli, na mji ukabaki juu ukiwa umegawanyika pande mbili zilizoungwa kwa madaraja. Simama siku moja juu ya daraja mojawapo treni ya mzigo ikipita chini. Utaiona paa za mabehewa zikienda dakika nzima na zaidi, na watu mtaani hata hawageuki.

Waingereza waliposhindwa kuja, kampuni iligeukia Waswidi. Chuo cha Augustana, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1860 na Walutheri wa Skandinavia, kilikuwa kinatafuta ardhi na fedha. Illinois Central ikakipa mapatano ambayo kwangu ndiyo yanayoonyesha waziwazi jinsi reli ilivyofikiri. Chuo kingeuziwa eka 1,000 kwa dola 6 kwa eka, halafu kingelipwa kamisheni ya dola 1 kwa kila eka ambayo Mskandinavia atanunua kutoka kwa kampuni, hadi eka 30,000, na baada ya hapo senti 50 kwa kila eka. Yaani chuo cha wachungaji kiliwekwa kuwa dalali wa ardhi. Mwaka 1863 chuo kikahamia Paxton chini ya rais wake Tuve Nilsson Hasselquist. Siwalaumu. Wahamiaji maskini waliotaka watoto wao wasome walikubali mkono ulionyooshwa. Ila mwaka 1862 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kugawa bure eka 160 kwa atakayezilima miaka 5, na ardhi hiyo ya bure ilikuwa magharibi. Mswidi mwenye akili timamu alipiga hesabu akaendelea na safari hadi Iowa, Minnesota na Kansas. Mwaka 1875 chuo nacho kikawafuata, kikahamia Rock Island kwenye Mto Mississippi, ambako kipo hadi leo.

Waliobaki walinunua kwa mkopo, kwa bei iliyokuwa kati ya dola 5 na 25 kwa eka, wakalipa kwa miaka. Anguko la uchumi la 1857 liliwakausha wakulima na kampuni yenyewe ikashindwa kulipa madeni yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofunga Mto Mississippi mwaka 1861, mahindi yalikosa soko, na kampuni ikafanya jambo ambalo benki haifanyi: ilikubali kulipwa deni la shamba kwa mahindi. Kwa kampuni hilo lilikuwa na maana mara mbili, kwa sababu mahindi hayo yalisafirishwa kwa treni zake.

Nataka ukae kidogo na suala la maji, maana ndilo lililogeuza kinamasi kuwa shamba unalolijua. Karibu kila shamba ulipitalo kati ya Champaign na Gilman lina mabomba chini yake. Yalikuwa vipande vya udongo wa kuchoma, vya urefu wa futi moja hivi, vilivyolazwa kimoja baada ya kingine bila saruji, kina cha futi 3 au 4. Maji huingia kupitia nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, yakatiririka hadi mtaro mkubwa, na mtaro hadi mto. Watu walichimba kwa mkono kwa sepetu nyembamba ndefu, mmoja akitangulia na mwingine akifuata kulaza vipande kwa ndoano, na mteremko ukipotea kidogo tu, mstari wote unaziba. Tatizo la sheria lilikuwa kwamba maji ya shamba langu lazima yapite kwako. Illinois ilibadilisha katiba yake mwaka 1878 na kutunga sheria mwaka 1879 ili majirani waunde wilaya za kutolea maji, watoze kodi na wachimbe mitaro ya pamoja. Viwanda vya vipande vile vilisimama kando ya reli, na reli ndiyo iliyovisambaza. Malaria ikapungua pamoja na kinamasi.

Kabla ya kazi hiyo, hata tajiri alizama. Michael Sullivant alikuwa na shamba la eka kama 40,000 magharibi mwa kaunti hiyohiyo ya Ford, liitwalo Burr Oaks, lenye mamia ya vibarua waliogawanywa vikosi kama jeshi. Magazeti ya miaka ya 1870 yalilisifu kama shamba kubwa la mahindi kuliko yote. Kufikia mwisho wa miaka hiyo alikuwa amefilisika, na shamba likaangukia mikononi mwa Hiram Sibley wa New York, tajiri wa simu za maandishi za waya (telegrafu), aliyeligawa kwa wapangaji. Kijiji cha Sibley bado kina jina lake.

Sasa Gilman, ambako unapeleka lori. Mji huo umeandikwa katika historia ya sheria za Marekani, na sijui kama pana bango linalosema hivyo. Mkulima wa mji wenye reli mbili zinazoshindana alilipa nauli ndogo ya mzigo. Mwenye reli moja, au mwenye reli ambazo zimeelewana, alikamuliwa. Mashariki ya Illinois wakulima walichukizwa na jambo hili hadi wakajiunga katika vyama vyao, wakalazimisha katiba ya jimbo ya 1870 na sheria za 1871 kudhibiti reli na maghala ya nafaka, na mwaka 1877 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya ghala la Munn la Chicago, ikakubali kwamba jimbo lina haki hiyo.

Kisha ikaja hesabu ya Gilman. Kampuni ya reli ya Wabash ilibeba mzigo wa ratili 26,000 kutoka Peoria hadi New York kwa dola 39, yaani senti 15 kwa kila ratili 100. Mzigo wa uzito uleule, wa aina ileile, kutoka Gilman hadi New York ulitozwa dola 65, senti 25 kwa ratili 100. Na Gilman iko karibu zaidi na New York kwa maili 86! Mzigo wa Peoria ulisafiri kilomita 138 zaidi na ukalipa dola 26 pungufu. Wewe unayelipwa kwa umbali utaelewa haraka kuliko mwanasheria. Illinois iliishitaki reli, na kesi ikafika Washington. Oktoba 1886 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kupanga nauli ya safari inayovuka mipaka yake, hilo ni la Bunge la taifa. Wakulima walishindwa mahakamani, lakini pengo lililofunguliwa lilikuwa kubwa mno, kwa sababu mzigo mwingi ulikuwa unavuka mipaka. Tarehe 4 Februari 1887 sheria ya biashara baina ya majimbo ikapita, ikaunda tume ya kwanza ya serikali kuu ya kudhibiti sekta nzima ya biashara. Ilianzia kwenye risiti ya mji mdogo wa mahindi.

Reli hiyohiyo ilibeba historia nyingine iliyopita miji hii kwa dirishani. Kuanzia miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamarekani weusi waliokimbia Mississippi walipanda Illinois Central hadi Chicago, na wahudumu wa mabehewa ya kulala walirudi kusini wakiwa na magazeti ya Chicago yaliyofichwa, yenye habari za kazi na mishahara. Walipita usiku na mchana, miongo kadhaa. Wachache walishuka njiani, na si kwa bahati mbaya: katika miji mingi midogo ya Illinois mtu mweusi alijulishwa waziwazi kwamba jua lisimkute huko likizama. Wewe na Wakongo wengi wa Champaign na Rantoul mnaishi na kufanya kazi leo ambapo wao hawakukaribishwa, na nadhani ni vizuri kulijua hilo unapokunywa kahawa kwenye mji wa aina hiyo.

Soya unazobeba nazo zina deni kwa reli. Mwaka 1922 kiwanda cha Staley cha Decatur kilianza kukamua soya, lakini wakulima hawakuwa na uzoefu nazo. Mwaka 1927 Staley na Illinois Central walitembeza treni ya maonyesho, yenye mabehewa ya mihadhara na vielelezo, ikasimama zaidi ya vituo 100 vya Illinois kuwafundisha wakulima kuzilima. Kampuni haikuwa inatoa sadaka. Ilikuwa inajitengenezea mzigo, kama ilivyofanya tangu mwanzo.

Kilichoifilisi mitaa ya maduka ni lori na barabara. Sababu ya kuwa na stesheni kila kilomita chache ilikuwa farasi, na farasi alipoondoka sababu ikaondoka naye. Barabara ya 45 ilifuata reli, kisha barabara kuu ya 57 ikapita pembeni na kuwachukua wasafiri. Sheria ya 1980 iliyolegeza udhibiti wa reli ikaziruhusu kampuni kutoa bei nafuu kwa atakayejaza treni nzima ya mabehewa 100 au zaidi, kwa hiyo nafaka ikakusanyika kwenye maghala machache makubwa, na ghala dogo la kila kijiji likabaki la kuhifadhia, linajazwa na lori na kutolewa na lori. Mahindi mengine hayapandi treni kabisa. Yanakwenda kwenye kiwanda cha ethanoli cha Gibson City, magharibi mwa Paxton. Karibu na mwaka 1990 Illinois Central iling'oa moja ya njia zake mbili kwa sehemu kubwa ya mstari huu, ili kupunguza gharama. Ukiwa juu ya daraja la Paxton utaona reli imekaa ndani ya mkato wenye upana wa njia mbili. Mwaka 1998 Canadian National ya Montreal ilikubali kuinunua kampuni yote.

Treni za abiria unazoziona ni za Amtrak, shirika lililochukua kazi ya kubeba abiria mwaka 1971. City of New Orleans hupita hapo ikitoka Chicago kwenda New Orleans, na kati ya Kankakee na Champaign haisimami popote. Illini na Saluki, zinazoishia Carbondale kusini mwa jimbo, zinasimama Gilman na Rantoul. Paxton iko katikati ya vituo hivyo viwili, na treni inayotumia njia moja pamoja na mizigo mirefu ya Canadian National ikiongezewa kituo inachelewesha kila kilicho nyuma yake. Kwa mji wa watu wasiofika 5,000 hakuna aliyeona inafaa. Kwa hiyo ukitaka kusafiri na familia kwenda Chicago siku ukipumzisha lori, pandia Champaign hapohapo. Jamaa zako walioko Paxton ndio itabidi waendeshe gari kusini hadi Rantoul, wakanunue tiketi kabla ya kutoka nyumbani, maana kituo cha Rantoul hakina mfanyakazi.